Bango la Sinema la Zamani: Tunaposema "La Asili" Tunamaanisha Nini?

Mezani kwangu ipo kadi ya kuitangazia Frankenstein, filamu ya kutisha ya Hollywood. Ni karatasi ngumu, upana inchi 14 na kimo inchi 11, rangi zake bado zimekoza, na katika kila pembe ina tundu dogo la pini. Matundu hayo ndiyo yaliyonivuta. Yananiambia kwamba mfanyakazi wa jumba fulani la sinema Marekani aliishika kadi hii kwa mikono yake, akaipachika ukutani karibu na dirisha la tikiti, na watu waliokuwa wakingoja mlango ufunguliwe wakasimama kuitazama. Aliyeniuzia alisema ni ya mwaka 1931, mwaka filamu ilipotoka. Bei yake ilikuwa ndogo mno kwa kitu cha namna hiyo, nami nikaona nimeokota dodo chini ya mnazi. Wiki kadhaa baadaye, nikiipitia kwa lenzi, nikakuta neno moja dogo upande wa chini: Realart.

Realart ni kampuni iliyochukua haki za kuzirudisha sokoni filamu za zamani za studio ya Universal kuanzia mwaka 1947. Frankenstein waliirudisha kwenye majumba ya sinema mwaka 1951. Kumbe kadi yangu ni changa kwa miaka 20 kuliko nilivyoambiwa.

Je, ni ya bandia? La. Ilichapwa kwa ajili ya sinema, ikapelekwa kwenye sinema, ikatundikwa. Je, ni ya asili? Hapo ndipo penye utata, na nimeona watu wengi wanaoanza kupenda mabango ya Hollywood ya zamani wakikwama papo hapo. Tumezoea kwamba "asili" maana yake ni kile cha kwanza, cha pekee, kama mchoro uliotoka mkononi mwa mchoraji. Bango halikuwa hivyo hata siku moja. Tangu kuzaliwa lilikuwa nakala kati ya nakala nyingi. Basi ukitaka kulielewa neno hilo, inabidi ujue kwanza bango lilikuwa na kazi gani, lilichapwaje, na lilikwenda wapi baada ya kazi kwisha.

Kifaa cha kazi

Bango la sinema halikutengenezwa ili mtu alinunue akalitundike sebuleni. Lilikuwa kifaa cha kuuzia tikiti. Studio zilikuwa na vituo vya kusambazia filamu katika miji mikubwa ya Marekani. Mwenye sinema aliagiza filamu, ikamfikia kwa garimoshi ndani ya makopo ya bati, na pamoja nayo akachukua mabango na kadi kwa senti chache, kwa kununua au kwa kukodi. Filamu ilikaa siku mbili tatu, pengine wiki, kisha ikaenda mji mwingine. Mabango nayo yalirudishwa kituoni, au yalitumwa kwenye sinema inayofuata, au yalitupwa.

Mwanzoni kabisa hata vipimo havikuwa na utaratibu. Sinema nyingi ndogo zilibandika mabango ya jumla tu, yasiyoitaja filamu inayoonyeshwa, na majina ya waigizaji hayakuandikwa kwa sababu studio hazikutaka watu wayajue. Mambo yalianza kunyooka mwaka 1909, pale umoja wa watengenezaji filamu uliokuwa chini ya kina Thomas Edison, yule mvumbuzi, ulipokubaliana na kampuni ya uchapaji ya mjini Cleveland, Ohio, ichape mabango kwa kipimo kimoja: inchi 27 kwa 41. Kipimo hicho, kinachoitwa karatasi moja, ndicho kikawa mama wa vingine vyote. Bango la karatasi tatu ni inchi 41 kwa 81. La karatasi sita ni inchi 81 kila upande. La karatasi 24 lilibandikwa vipande vipande kwenye mbao kubwa za barabarani, nalo lilipata futi 9 kwenda juu na kama futi 20 kwa upana. Hayo makubwa karibu yote yamepotea, maana ukishalipaka gundi na kulibandika ubaoni huwezi kulibandua likatoka zima.

Kulikuwa pia na kadi za ukumbini kama hii yangu, ambazo kwa kawaida zilitoka nane nane, kila moja ikiwa na tukio lake kutoka kwenye filamu. Na kulikuwa na kadi za dirishani, inchi 14 kwa 22, zilizowekwa kwa vinyozi na madukani. Hizi zilikuwa na sehemu nyeupe juu, ambapo mwenye sinema alichapa jina la ukumbi wake na siku za maonyesho. Wako wakusanyaji walioikata sehemu hiyo kwa kuiona inaharibu sura ya picha. Mimi naona walifanya kosa kubwa. Pale juu ndipo unaposoma kwamba filamu hii ilioneshwa Alhamisi na Ijumaa katika mji fulani mdogo, na hakuna mahali pengine popote patakapokueleza hayo.

Jiwe, mafuta na maji

Mabango ya miaka ya 1910 na 1920 yana rangi ambazo ukizikuta mara ya kwanza unasita. Nyekundu yake ni nzito, karibu unaweza kuigusa; bluu ya usiku inaingia kwenye nyeusi polepole bila mpaka. Siri yake ni lithografia, ufundi uliogunduliwa Bavaria na Alois Senefelder mwishoni mwa karne ya 18. Mchoraji alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini. Jiwe likaloweshwa maji. Maji hukimbia mahali penye mafuta na kukaa mahali pasipo na mafuta. Kisha wino, ambao nao una mafuta, ukapakwa juu: ukashika pale tu palipochorwa. Karatasi ikagandamizwa juu ya jiwe, ikaondoka na picha.

Kila rangi ilihitaji jiwe lake. Bango lenye rangi sita lilipita kwenye mawe sita, na kila mara karatasi ilipaswa kukaa mahali pale pale bila kuhama hata kidogo. Baadaye mabamba ya zinki na alumini yalichukua nafasi ya mawe, kwa kuwa jiwe ni zito na hupasuka, ila kanuni ilibaki ileile na wakusanyaji wanaendelea kuyaita mabango ya jiwe. Cleveland ndiko kulikokuwa kitovu cha kazi hii, kwenye viwanda kama Morgan na Otis.

Weka lenzi juu ya shavu la mwigizaji kwenye bango la namna hii. Hutaona vitone vilivyojipanga kwa mistari kama vya gazeti. Utaona chembe chembe zisizo na mpangilio, kama mchanga uliotawanywa na upepo, pengine alama ya kalamu ya mchoraji inapopita na kukatika. Sasa weka lenzi ileile juu ya nakala iliyochapwa siku hizi. Vitone vitupu, vimejipanga kama askari kwenye gwaride, na vipo hadi ndani ya herufi, kwa sababu aliyechapa amepiga picha bango zima, maandishi kwa michoro, akalitoa upya. Jaribio hili ni la dakika moja na linamwokoa mtu fedha nyingi. Lina mpaka wake, hata hivyo. Kufikia miaka ya 1940 uchapaji wa ofseti, ule wa mashine ambao haumhitaji mchoraji achore kwa mkono juu ya jiwe, ulikuwa umeenea, nao unatoa vitone hata kwenye bango halali la wakati ule. Kwa hiyo vitone kwenye filamu ya 1948 si ushahidi wa ubaya, ilhali kwenye bango linalodaiwa kuwa la 1922 ni jambo la kutilia shaka sana.

Wachoraji wenyewe hatuwajui wengi wao. Studio hazikupenda watie sahihi. Mkataba ulisema jina la nyota liwe kubwa kiasi gani likilinganishwa na jina la filamu, lakini mtu aliyekesha akichora uso wa nyota huyo hakuwa na haki ya kuandika hata herufi mbili za jina lake pembeni. Mmoja tunayemfahamu ni Karoly Grosz, mzaliwa wa Hungaria, aliyesimamia sanaa ya matangazo Universal mwanzoni mwa miaka ya 1930. Bango la The Mummy la 1932 linahesabiwa kuwa kazi yake. Litazame vizuri: maiti iliyokaushwa imesimama imekunja mikono kifuani, na mbele yake mwanamke katika gauni jekundu. Filamu yenyewe haina rangi hata chembe. Nyekundu ile aliitia mchoraji, na mtazamaji aliyelipa tikiti mwaka ule aliiona mlangoni tu. Ndani akakuta nyeusi na nyeupe. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema bango ni kivuli cha filamu. Mara nyingi bango lilisema jambo ambalo filamu haikuweza kulisema.

Yalikwenda wapi?

Hesabu ya mabango yaliyochapwa ni kubwa, yaliyobaki ni ya kuhesabu kwa vidole, na sababu ziko wazi. Yaliyobandikwa nje yalinyeshewa na kuchanika. Yaliyorudi vituoni yalitumika hadi yakachakaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walihimizwa kutoa karatasi zote kuukuu zikasagwe upya, na marundo ya mabango yaliyokuwa yamelala stoo yakaenda huko. Studio zenyewe hazikuona sababu ya kutunza tangazo la filamu iliyokwisha kazi.

Yaliyosalimika yalisalimika kwa bahati. Kuna yaliyokutwa ndani ya kuta za nyumba yakizuia baridi, na kuna yaliyokutwa chini ya zulia la sakafu. Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Berwick, mji mdogo wa Pennsylvania. Katika dari la nyumba kulikutwa tita la karatasi nene, gumu kama ubao. Lilikuwa mabango 33 ya miaka ya mwanzo ya 1930, yameshikana kwa gundi ya kubandikia karatasi za ukutani. Gundi iliyoonekana kama uharibifu ndiyo iliyoyahifadhi: kila bango lilifunikwa na la juu yake lisipate jua wala hewa. Tita liliuzwa kwenye mnada wa mtaani kwa takribani dola 30,000. Mafundi wakayabandua moja moja kwa mvuke. Mwezi Machi 2012 yakauzwa na nyumba ya mnada ya Heritage ya Dallas kwa zaidi ya dola 500,000 kwa jumla, na peke yake bango la Dracula la mtindo F lilifika dola 143,400.

Hilo neno "mtindo F" halikuwekwa kwa bahati mbaya. Kwa filamu kubwa, studio ilitoa michoro kadhaa tofauti ya bango la kipimo kimoja, ikaipa herufi: A, B, C na kuendelea. Yote ni ya mwaka uleule, yote ni halali, ila bei zake hutofautiana mno, kwa kutegemea uzuri wa mchoro na idadi iliyobaki. Mtu akikuambia ana bango la Dracula la 1931, swali la kwanza ni mtindo gani.

Daraja za "asili"

Sasa turudi kwenye fundo lenyewe. Wanaouza na kununua wana daraja zao, japo hawazitaji kila mara kwa mpangilio.

Juu kabisa lipo bango la toleo la kwanza, lililochapwa kwa ajili ya maonyesho ya kwanza ya filamu katika nchi ilikotoka. Hili ndilo watu wengi humaanisha wanaposema la asili bila kuongeza neno.

Chini yake yapo mabango ya marudio. Kabla ya televisheni kuenea, hukuwa na njia ya kuiona tena filamu ya zamani mpaka studio iirudishe kwenye majumba ya sinema, na kila iliporudi ilichapiwa mabango mapya. Universal waliwarudisha Dracula na Frankenstein pamoja mwaka 1938, na watu walijaa. Bango la marudio ni halali, lina historia yake, ila halilingani bei na la kwanza. Hapa ndipo kadi yangu inapokaa.

Kuna alama inayosaidia sana. Kuanzia mwaka 1940 hivi, kampuni ya National Screen Service ilianza kushika usambazaji wa mabango ya studio nyingi, na ikawa inachapa namba kwenye ukingo wa chini: tarakimu mbili za mwaka, mkwaju (/), kisha namba ya filamu katika orodha ya mwaka huo. Ukiona 47 kabla ya mkwaju, ni la 1947. Namba za marudio mengi zilitanguliwa na herufi R, ingawa si zote. Mara nyingine R ilisahaulika. Kwa hiyo hesabu unayoifanya ni hii: filamu ilitoka 1933, lakini bango lina 52 kwenye namba yake. Halihitaji mjadala, ni la 1952. Pembeni mwa namba hiyo mara nyingi kuna maandishi madogo yanayosema kwamba bango ni mali ya National Screen Service, limeruhusiwa kutundikwa wakati wa maonyesho ya filamu hiyo tu, na lirudishwe mara baada ya hapo. Kwa maneno mengine, kila bango la miaka ile lililoko mikononi mwa mtu leo ni bango ambalo kuna mtu hakulirudisha. Huwa nalifikiria hilo kila nikiyasoma maandishi yale, na nashukuru kwa ukaidi wa watu hao.

Kisha yapo mabango ya nchi nyingine kwa filamu ileile. Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Argentina walichapa ya kwao kwa michoro ya wasanii wao, tena mengine yanayashinda ya Marekani kwa uzuri. Mwaka 2017 bango la Kiitalia la Casablanca, lililochorwa na Luigi Martinati, liliuzwa dola 478,000. Isingekuwa sahihi kuliita la daraja la pili kwa sababu tu halikuchapwa Marekani.

Chini kabisa zipo nakala za kibiashara, zilizochapwa miaka mingi baadaye kwa ajili ya mapambo. Hazina ubaya ikiwa muuzaji amesema ukweli. Ubaya unaanza pale zinapopakwa chai, kukunjwakunjwa na kuuzwa kama za kale.

Mikunjo yenyewe ni shahidi. Mabango ya karatasi moja yalitoka kiwandani yakiwa yamekunjwa, na desturi hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukiletewa bango la 1935 la kipimo hicho ambalo halijawahi kukunjwa, uliza maswali. Na kuna ujanja wa kinyume chake: nakala iliyopigwa picha pamoja na mikunjo ya bango halisi. Jicho linaona mstari, kidole hakiupati. Pitisha kidole polepole; mkunjo wa kweli una bonde, na katikati ya bonde wino umechubuka ukaacha nyuzi za karatasi. Njia nyingine ni taa ya urujuanimno (ultraviolet): karatasi nyingi za kisasa zina dawa ya kung'arisha na huwaka bluu nyeupe chini ya taa hiyo, karatasi ya 1925 hukaa kimya.

Lililokarabatiwa je?

Swali hili limewagawa watu, na sidhani litaisha. Karatasi ya bango ilikuwa ya bei nafuu, ya unga wa mti, yenye asidi inayoila kutoka ndani. Inageuka manjano, inakatika kwenye mikunjo. Fundi huliosha bango kuondoa asidi, hulibandika juu ya karatasi laini ya Kijapani, kisha juu ya kitambaa kizito cha pamba, kwa gundi ya wanga wa ngano inayoweza kutolewa kwa maji. Baada ya hapo hujaza matundu na kugusa rangi zilizotoka.

Kubandika kwenye kitambaa kwa gundi ya namna hiyo hakunisumbui. Bango linapata uti wa mgongo, na siku yoyote kazi inaweza kurudishwa nyuma. Kinachonisumbua ni mkono wa rangi unapozidi. Nimewahi kulisogelea bango lililokuwa linauzwa, la kupendeza ukiwa mbali, na kwa karibu nikaona kwamba uso wa mwigizaji ulikuwa na ulaini tofauti na shingo yake. Shingo ilikuwa na zile chembe za mchanga. Uso haukuwa nazo. Uso mzima ulikuwa umechorwa upya na fundi. Karatasi ni ya 1929, gauni ni la 1929, uso ni wa juzi. Muuzaji hakulisema. Kwa maoni yangu ukarabati wa kiasi hicho lazima uandikwe pamoja na bango, wala si jambo la mnunuzi kuligundua mwenyewe.

Na ukarabati unaweza kuwa maficho. Mwaka 2009 wakusanyaji waligundua kwamba mabango na kadi kadhaa za filamu za kutisha za Universal zilizokuwa zikizunguka sokoni kwa bei kubwa zilikuwa za kughushi. Machapisho mapya yalikuwa yamewekwa juu ya karatasi kuukuu na kuzeeshwa kwa ustadi hata waliobobea wakatiwa changa la macho. Kesi ilifika mahakama ya shirikisho New York na mhusika akatiwa hatiani. Tangu hapo watu makini huuliza bango limetoka kwa nani, na huyo alilipata wapi.

Kwa nini hasa za kutisha?

Mtu akitazama orodha ya mabango ghali zaidi hushangaa kukuta mapepo na maiti wamewazidi wapenzi na wafalme. Dracula la mtindo A lilifika dola 525,800 mwaka 2017. The Mummy lilikuwa limefika dola 453,500 kwenye nyumba ya mnada ya Sotheby's tangu mwaka 1997. Sababu moja ni uchache, ila uchache pekee hautoshi. Kuna mabango ya filamu za mapenzi yaliyobaki nakala moja na hayaulizwi. Sababu kubwa iko kwenye televisheni. Mwaka 1957 filamu za kutisha za Universal ziliuzwa kwa vituo vya televisheni vya Marekani kwa mafungu, zikaonyeshwa usiku. Watoto wa miaka ile walizitazama wakiwa wamejifunika blanketi. Walipokua na kupata fedha, ndio hao waliofurika kwenye minada Christie's ilipoanza kuuza mabango ya sinema kwa mfululizo mwaka 1990. Bei ya bango, basi, inafuata kumbukumbu za kizazi fulani. Kizazi hicho kinazeeka. Mwaka 2018 bango la The Mummy lilirudi Sotheby's kwa makadirio ya dola milioni 1 hadi 1.5, na halikupata mnunuzi.

Lipo bango moja ambalo bei yake naielewa bila maelezo. London After Midnight ni filamu ya kimya ya 1927, mwigizaji Lon Chaney akiwa na meno ya msumeno na kofia ndefu. Nakala ya mwisho iliyojulikana iliteketea kwa moto katika ghala la studio ya MGM miaka ya 1960. Hakuna aliye hai anayeweza kuitazama leo. Bango la karatasi moja linalojulikana ni moja tu, nalo liliuzwa dola 478,000 mwaka 2014. Si kisa cha pekee. Utafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu za kimya karibu 11,000 zilizotengenezwa Marekani, zilizobaki kamili katika umbo lake la awali ni asilimia 14. Kwa nyingi za hizo nyingine, karatasi iliyopachikwa mlangoni ndiyo iliyobaki.

Afrika ukutani

Sisi wa huku tunaingia kwenye mabango haya kwa mlango usio mzuri. Mwaka 1928 neno la Kiswahili lilibandikwa kwenye kuta za sinema za Marekani: Simba, filamu ya Martin na Osa Johnson iliyopigwa Kenya. Mwaka 1931 ikatoka Trader Horn ya MGM, iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Mutia Omoolu, Mkenya, alicheza nafasi kubwa kama mbeba bunduki na alisafirishwa hadi Hollywood kumalizia baadhi ya matukio. Lakini biashara ya mabango ilijengwa juu ya mwigizaji Harry Carey, na zaidi juu ya Edwina Booth, msichana mzungu mwenye nywele za dhahabu katikati ya msitu. Uchapaji ni wa hali ya juu. Nikiutazama mkono wa mchoraji naupenda. Nikitazama alichotumwa kuchora, naumia. Sioni haja ya kuchagua moja. Vitu hivyo vinapaswa kutunzwa na kuelezwa vilivyo.

Wakati huohuo, pembeni mwa Hollywood, Wamarekani Weusi walikuwa na sinema zao kwa sababu ya ubaguzi uliowafungia milango ya nyingine. Oscar Micheaux alianza kutengeneza filamu mwaka 1919. Studio ya Norman huko Jacksonville, Florida, ilipiga The Crimson Skull mjini Boley, Oklahoma, mji ulioanzishwa na watu Weusi. Mabango ya studio hiyo yana wachunga ng'ombe Weusi juu ya farasi, marubani Weusi na mapolisi Weusi, watu wazima wenye heshima zao, katika miaka ambayo Hollywood iliwapa kazi ya kufagia na kupika. Kati ya filamu ndefu za Norman, iliyobaki kamili ni The Flying Ace ya 1926 peke yake. Mwaka 2008 posta ya Marekani ilichapa stempu tano zenye mabango ya sinema za Weusi, na mikusanyo mikubwa ya mabango haya sasa iko kwenye taasisi, ukiwemo ule wa mkusanyaji Edward Mapp katika maktaba ya filamu ya Margaret Herrick, Beverly Hills, California. Kama ningekuwa na fedha za mnada, ningeanzia hapa, si kwa Dracula.

Kwa asiye na fedha hizo, njia haijafungwa. Kadi za ukumbini za filamu za kawaida za miaka ya 1940, hasa za wachunga ng'ombe, bado zinapatikana kwa bei ya mtu wa mshahara. Mabango ya marudio nayo yamo. Kwa anayeishi pwani, adui mkubwa atakuwa unyevu, akifuatiwa na mchwa: usiweke kwenye kabati la ukuta wa nje, usitumie selotepu hata kidogo, usipeleke kupigwa laminesheni. Funika kwa plastiki isiyo na asidi na uliweke mbali na dirisha.

Namalizia na mtu ambaye mabango yake hayana utata wowote wa asili, kwa kuwa kila moja lilikuwa moja tu. Batiste Madalena, kijana mzaliwa wa Italia, aliajiriwa na George Eastman, mwenye kampuni ya kamera ya Kodak, mwaka 1924 achore kwa mkono mabango ya sinema ya Eastman huko Rochester, New York. Kwa miaka minne alichora takribani 1,400, kwa rangi za maji, akifikiria mtu anayepita barabarani kwenye tramu na ana sekunde chache tu za kuyaona. Mwaka 1928 ukumbi ukakodishwa kwa wengine. Jioni moja Madalena akirudi nyumbani kwa baiskeli, mvua ikinyesha, akayakuta mabango yake nyuma ya sinema yametupwa kwenye takataka. Akaokota aliyoweza kuyaokoa, zaidi ya 200. Miaka 80 baadaye, mwaka 2008, baadhi yake yalitundikwa katika Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa, New York.